Magari Kumi, Magari Elfu Tano

Kuna Toyota moja ambayo hutaikuta kwenye yadi yoyote ya Ngong Road. Hakuna broka atakayekutumia picha zake saa tano usiku akiapa kwamba mwenyewe ni daktari anayehamia ng'ambo. Haikuwahi hata kupewa jina la kuuzia. Walioiunda waliiita 222D, namba ya kiofisi tu, kama faili. Kwa nje ilifanana na MR2, kile kigari cha viti viwili ambacho Toyota ilianza kuuza mwaka wa 1984. Ndani kulikuwa na mambo mengine kabisa: injini ya tabo nyuma ya viti, magurudumu yote manne yakivuta, uzani wa kama kilo 750, na nguvu zinazotajwa kuwa za farasi 600 kwenda juu.

Hebu piga hesabu. Probox ya 1500cc ina farasi mia moja na kidogo, na uzani wake ni kama tani moja kabla haijapakiwa nyanya. Chukua Probox hiyo, iondolee robo ya uzani, halafu izidishe nguvu mara tano na zaidi. Hapo ndipo unaanza kuelewa 222D ilikuwa kitu gani.

Magari machache ya majaribio yaliundwa, yakakimbizwa bila watazamaji, kisha yakafungiwa. Hakuna hata moja lililowahi kushindana. Mwaka wa 1986, FISA, shirikisho lililosimamia mbio za magari duniani kutoka Paris, lilifuta daraja la mashindano ambalo gari hili lilitengenezewa. Na gari la mashindano bila mashindano ni chuma tu.

Hadithi za aina hii husimuliwa kwa huzuni. Nenda YouTube utazikuta nyingi, piano ikilia polepole na sauti nzito ikikwambia jinsi watu waoga walivyoua ndoto ya wanaume jasiri. Mimi sina huzuni hiyo. Nimekuja kuamini kwamba kufa kwa 222D kumechangia pakubwa kutuletea zile Subaru zinazopita Thika Road saa nane usiku zikilipuka kama fataki. Kutoka Paris hadi Roysambu ni mbali, lakini tukienda hatua kwa hatua tutafika.

*

Tuanzie nyumbani. Kama Safari Rally umeijua tangu irudi 2021, ile ya Naivasha, wikendi moja, utepe na marshal kila kona, itabidi uiweke kando picha hiyo kwa muda. Safari ya miaka ya themanini ilikimbizwa Pasaka, mvua za masika zikianza, kwa maelfu ya kilomita, kwenye barabara zile zile ambazo wananchi walikuwa wanatumia siku hiyo. Hazikufungwa. Dereva angeweza kuibuka juu ya kilima kwa kasi ya kutisha na kukutana uso kwa uso na lori la viazi, ama kundi la ng'ombe, ama mzee kwenye baiskeli akirudi kanisani. Ndiyo maana timu zenye pesa zilituma helikopta itangulie kuangalia mbele. Ndiyo maana pia magari yalifungwa vyuma vinene mbele ya taa, na bomba la hewa likapandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji ya mto.

Kwa Safari ya namna hiyo, gari lenye kasi kuliko yote halikuwa na uhakika wa chochote. Lililoshinda ni lile ambalo siku ya mwisho bado lilikuwa na magurudumu manne.

Toyota ilikuwa na mtu aliyeelewa jambo hilo kwa mwili wake. Ove Andersson, Mswidi, alikuwa ameshinda Safari ya 1975 akiendesha Peugeot 504. Ndiyo, 504, gari la matatu na la maafisa wa serikali. Baadaye akaja kuongoza timu ya Toyota ya Ulaya, yenye karakana yake Cologne, Ujerumani. Chini yake Toyota ilileta Safari gari lililoitwa Celica Twin-Cam Turbo. Lilikuwa zito, imara, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Björn Waldegård alishinda nalo 1984. Mwaka wa 1985 likamshindia Juha Kankkunen, kijana kutoka Ufini ambaye hakuwa amewahi kukimbia Safari. Mwaka wa 1986, Waldegård tena.

Sasa angalia kitu hiki. Celica ile ilishinda mara sita kwenye ubingwa wa dunia, na mara zote sita zilikuwa Afrika: tatu hapa kwetu, tatu Côte d'Ivoire. Ulaya haikushinda hata mara moja. Watu wakaibandika jina Mfalme wa Afrika, na jina hilo lilikuwa sifa na kejeli kwa pamoja. Mfalme wa Afrika, maana yake kwingine kote si mfalme.

Andersson alijua sababu. Ulaya ilikuwa imeshahamia kwa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Audi ndiyo iliyofungua njia na Quattro mwanzoni mwa muongo huo. Halafu Peugeot ikaja na 205 Turbo 16, iliyobeba injini katikati, na kuchukua ubingwa wa watengenezaji 1985 na 1986. Celica ingeendelea kushinda Pasaka na kuaibika miezi iliyobaki. Toyota ikihitaji ubingwa wote, ilihitaji kitu kipya.

*

Hapa lazima nieleze sheria kidogo. Nivumilie, kwa sababu hadithi yote imekaa ndani yake.

Shirikisho haliwezi kuruhusu kila kiwanda kije na roketi moja na kuiita gari. Kwa hivyo liliweka masharti: ili gari lishindane, kiwanda lazima kiwe kimeunda idadi fulani ya magari ya aina hiyo, ya kuuziwa watu. Idadi hiyo ndiyo roho ya kila kitu. Ikiwa kubwa, gari la mashindano linabaki karibu na gari la jirani yako. Ikiwa ndogo, wahandisi wanaachiliwa.

Kuanzia 1982 daraja la juu liliitwa Kundi B, na idadi yake ilikuwa 200. Mia mbili ni kidogo sana kwa kiwanda cha magari. Unaweza kuyaunda mia mbili ya ajabu, ukayauza kwa matajiri wachache ama ukayaacha stoo, kisha ukaenda kushindana. Sheria pia iliruhusu toleo lililoboreshwa zaidi likifika magari 20. Matokeo yake yakawa Lancia Delta S4, Ford RS200, Peugeot ile ya injini katikati: magari yenye uzani wa chini ya tani moja ama kuzidi hapo kidogo, yenye farasi 400, 450, 500, yakipita kwenye vijia vya milimani katikati ya umati wa watu.

Hata hivyo viwanda vililalamika kwamba mia mbili ni mengi. Ni gharama kuunda magari mia mbili ambayo hakuna mtu anayeyahitaji. FISA ikasikia, ikapanga daraja jipya la kuja baada ya Kundi B. Likaitwa Kundi S. Nguvu zilinuiwa kuwekewa kikomo, farasi 300 zikitajwa. Idadi ya magari yanayotakiwa ikashushwa hadi kumi.

Kumi! Magari kumi yanaweza kuegeshwa kwenye uwanja wa kanisa na bado harusi ikafanyika. Ukihitaji kuunda magari kumi tu, mnunuzi humhitaji kabisa. Huna haja ya kujiuliza kama milango inafunguka vizuri, kama mama mwenye mtoto anaweza kukaa nyuma, kama spea zitapatikana Nakuru. Unaunda gari kwa ajili ya wahandisi wako na dereva wako, basi.

Lancia ilianza kazi ya gari lake, ECV, lililotumia vifaa vyepesi vya nyuzi za kaboni. Audi nayo ilijaribu kisirisiri gari lenye injini katikati. Na Toyota ikachukua sura ya MR2.

Uchaguzi huo ulikuwa na akili. MR2 ya dukani ilikuwa tayari imeweka injini yake katikati, nyuma ya viti. Kitu kizito kikikaa katikati ya gari, gari hugeuka haraka, kama mtu anayezunguka akiwa amekumbatia mzigo kifuani badala ya kuunyoosha mikononi. Ubaya ni kwamba linaweza kugeuka haraka kuliko ulivyotaka. Nilisoma uhandisi miaka miwili na nusu kabla ya karo kukatika, na katika vitu vichache nilivyotoka navyo chuoni, hiki kimebaki kichwani: sifa na kasoro ya mashine mara nyingi ni kitu kimoja. Gari fupi, jepesi, lenye injini katikati na farasi mia sita linamtaka dereva awe mbele ya mawazo yake mwenyewe.

Ni vigumu kuwaza timu ya Andersson, iliyojengewa jina na vumbi la huku, ikiunda gari jipya bila kuifikiria Safari. Jaribu kuliwaza gari lenyewe. Kilo 750, likishuka kwa kasi bonde la Kerio, barabara haijafungwa, wanafunzi wametoka shule.

*

Mwaka wa 1986 ulianza vibaya na kuendelea vibaya.

Mwezi wa Machi, kwenye mbio za Ureno, watazamaji walikuwa wamejaa hadi katikati ya barabara. Huo ulikuwa mchezo wao: kusimama njiani na kuruka pembeni dakika ya mwisho, wengine wakijaribu kuligusa gari likipita. Ford RS200 ya dereva wa nyumbani, Joaquim Santos, ilipoteza mwelekeo na kuingia kwenye umati. Watu watatu walikufa, zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu kubwa walikataa kuendelea.

Tarehe 2 Mei, kisiwani Corsica, Henri Toivonen wa Lancia, umri wa miaka 29, alikuwa anaongoza. Kwenye kona moja ya kushoto Delta S4 yake ilitoka barabarani, ikaporomoka bondeni na kushika moto. Toivonen na mwelekezi wake, Sergio Cresto, walifia ndani. Moto ulipozima, kilichobaki kilikuwa mifupa ya chuma. Kwenye mbio hizo hizo, tarehe hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, dereva mwingine wa Lancia, Attilio Bettega, alikuwa amefariki.

Rais wa FISA, Jean-Marie Balestre, hakusubiri. Kundi B lingeisha mwaka ukiisha. Kundi S, lile la magari kumi, lisingekuja kabisa. Kuanzia 1987 daraja la juu lingekuwa Kundi A.

Kuna watu hadi leo wanaomwita Balestre muuaji wa mchezo. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema shida ilikuwa umati usiodhibitiwa na tangi la mafuta lililowekwa mahali pabaya, na kwamba hivyo vingerekebishwa bila kuua magari yenyewe. Kikomo cha farasi 300 kilikuwa kimeshapendekezwa. Labda. Lakini gari la Toyota lilikuwa linatajwa kwa maradufu ya kikomo hicho hata kabla sheria haijaanza. Viwanda vikipewa ruhusa ya kuunda kumi tu, ni nani angevizuia kweli? Mtu anayejenga gari ambalo halimhitaji mnunuzi hana wa kumwambia inatosha.

*

Na sasa ile idadi. Kundi A lilidai magari 5,000 ndani ya mwaka mmoja.

Soma tena. Kutoka kumi hadi elfu tano. Usiku mmoja viwanda viliamka na swali geni: ukitaka kushinda ubingwa wa dunia, lazima kwanza uwauzie watu elfu tano wa kawaida gari linalokaribia lile la ubingwa. Daktari wa meno wa Osaka. Mwalimu wa Hokkaido. Lazima liwe na viti vya nyuma na buti, lianze asubuhi kukiwa na baridi, na hapo hapo liwe na tabo na magurudumu manne yanayovuta, kwa sababu usipoyaweka dukani huwezi kuyapeleka mbioni.

Toyota ilikuwa na jibu tayari. Oktoba ya mwaka huo huo wa 1986, ikiwa imeshajua kwamba 222D haina pa kwenda, ilianza kuuza Japani Celica GT-Four: injini ya lita mbili yenye tabo, magurudumu manne yakivuta, buti ya kutosha mizigo ya wikendi. Andersson na timu yake ya Cologne wakaachana na kile kigari kifupi na kuanza kazi na hili. Mwaka wa 1990 Waldegård alishinda nalo Safari akiwa na umri wa miaka 46, na mwaka huo huo Carlos Sainz akampa Toyota ubingwa wa madereva. Mwaka wa 1993 Toyota ilichukua ubingwa wa watengenezaji, kiwanda cha kwanza cha Japani kufanya hivyo. Mfalme wa Afrika alikuwa amepata dunia iliyobaki, na alikuwa ameifikia kwa gari ambalo mtu angeweza kwenda nalo sokoni.

Wengine walifuata mlango huo huo. Mitsubishi ilibana injini kubwa ndani ya Lancer ndogo na kuiita Evolution, mwaka wa 1992, kwa sababu sheria ilihitaji iwe ya kuuzwa. Mwaka huo huo Subaru ikatoa Impreza WRX, farasi 240 ndani ya gari la familia.

Kama unataka kuona uamuzi wa Paris ulivyofika Kenya, chukua matokeo ya Safari ya 1994. Wa kwanza: Ian Duncan, Mkenya, kwa Celica. Wa pili: Kenjiro Shinozuka kwa Lancer Evolution. Wa tatu, Kankkunen kwa Celica nyingine. Wa nne: Patrick Njiru, Mkenya, kwa Impreza. Magari yote manne yalikuwa ndugu wa magari yaliyouzwa dukani. Wakenya wawili kati ya wanne wa kwanza, na tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Najiuliza kama Duncan na Njiru wangeliona hata tairi la gari la Kundi S. Ukiwa na magari kumi duniani, unampa nani? Unawapa madereva wako watatu wa Ulaya, mengine unayaweka ya akiba. Dereva wa Nairobi anapewa kofia na picha ya kusainiwa.

*

Kuna fundi mmoja Kirinyaga Road ambaye hukaa chini ya boneti za Subaru kuanzia asubuhi hadi giza. Nilienda kwake mara ya kwanza kutafuta habari za makala nyingine, kuhusu spea za mtumba, nikabaki hapo mchana mzima. Alinionyesha lile tundu kubwa juu ya boneti ya Impreza, ambalo vijana wengi hudhani ni pambo. Hewa ya kutoka nje inaingia pale, inapoza hewa iliyopashwa moto na tabo, injini inapata pumzi nzito zaidi. "Hii si urembo," akasema. "Hii ni rali imekuja na barua ya kuishi mtaani."

Sijasikia Kundi A likielezwa vizuri kuliko hivyo.

Barua hiyo ilisafiri kwa njia tunayoijua wote. Mjapani ananunua gari jipya. Baada ya miaka kadhaa analiuza, kwa sababu kulimiliki la zamani kwao ni gharama. Usukani uko kulia, kama wetu. Sheria yetu inakubali gari lisilozidi miaka minane. Meli inatia nanga Kilindini. Yadi, mkopo wa sacco, namba mpya. Halafu mwenye gari wa kwanza anamuuzia wa pili, na wa pili anamuuzia wa tatu, ambaye ana miaka 23 na pesa za kununua gari lakini hana za kununua tairi nne nzuri kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapopata shida na hadithi yangu mwenyewe, kwa sababu imekuwa tamu mno.

FISA iliua magari kumi ili watu wasife kando ya barabara. Na kweli, mbioni kulitulia kidogo. Lakini kasi yenyewe haikufa. Ilihama. Ilitoka kwa madereva wachache waliolipwa kwa kazi hiyo, wenye kofia, mikanda na mwelekezi anayesoma kila kona, ikaenda kwa maelfu ya watu wasio na chochote cha hayo. Miaka miwili iliyopita tulizika kijana wa mtaa wetu. Impreza, saa tisa usiku, barabara kuu, lori lililoharibika bila taa wala pembetatu. Alikuwa mtu mpole. Gari lilikuwa na tairi mbili za kampuni moja na mbili za kampuni nyingine, breki zilikuwa zinasubiri mwisho wa mwezi. Mazishini wenzake walikuja kwa msafara, wakaunguruma injini kwa dakika nzima kumuaga. Mamake alikuwa ameziba masikio, na sikuweza kujua kama ni kelele ama ni kitu kingine.

Barabara yetu ya kila siku, ukifikiria vizuri, ndiyo Safari ya zamani. Haijafungwa. Ina ng'ombe, lori, wanafunzi. Tofauti ni kwamba hakuna helikopta inayotangulia mbele.

Siandiki haya kulaumu tundu la boneti. Kati ya dunia yenye magari kumi ya ajabu yaliyofungiwa Cologne na dunia yenye magari elfu tano yanayozeeka hadi yakafika kwa fundi wa Kirinyaga Road, bado nachagua ya pili. Duncan na Njiru walitoka humo. Yule fundi analisha watoto wake humo, na amejifunza humo uhandisi ambao mimi nililipia karo na sikuumaliza. Lakini zawadi hiyo ilikuja bila sehemu ya pili. Viwanda vililazimishwa kutuuzia gari la rali. Hakuna aliyelazimishwa kutuuzia barabara yake, breki zake, taa zake, wala uwanja ambao kijana angeweza kwenda Jumamosi kulimaliza hamu lake bila kuua mtu. Tukilia na 222D tunalilia kitu ambacho hakikuwahi kuwa chetu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo tunayodai, na hatujaidai kwa sauti hata nusu ya ile ya ekzosi zetu.

*

Imebaki kitu kimoja, na wapenzi wa YouTube huwa hawakitaji.

Tangu 2022 daraja la juu la rali duniani linaitwa Rally1. Sheria zake zinaruhusu gari lijengwe juu ya fremu ya mabomba ya chuma, kisha livishwe sura ya gari la dukani. Lilipoanza lilikuwa na mota ya umeme ya kusaidia injini, na nguvu zikapita farasi 500. Sura inasema Yaris. Chini ya sura hakuna Yaris. Wazo hilo unalijua sasa: ni wazo la 222D, likiwa limeongezewa kizimba cha kumlinda dereva, barabara zilizofungwa, na kikomo ambacho mtu anakikagua kweli.

Gari hilo lilikuja Kenya Juni 2022. Toyota ilimaliza ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, Kalle Rovanperä mbele, akiwa na miaka 21. Miaka 36 baada ya uamuzi wa Paris, Toyota ya namna ile ilikuwa imefika Safari hatimaye, na watazamaji walisimama nyuma ya utepe, mbali, wakila mahindi.

Jumapili jioni mbio zikiisha, umati wote huo hurudi Nairobi kwa barabara ya Nakuru. Giza linaingia, malori yanapanda polepole kuelekea Kinungi, na Subaru zinaanza kuyapita moja baada ya nyingine, kwenye mstari wa njano usiokatika. Kila mwaka polisi hutoa onyo, na sehemu hatari zaidi ya Safari huanza hapo, baada ya bendera kushushwa.